Mbwa Niliyeshindwa Kumfundisha Kubweka

Kwa wiki tatu usingizi ulinikimbia kwa sababu ya swali moja: je, mtu aliyesoma miaka mitano chuo kikuu kule Lubumbashi, ambaye baba yake alisimama miaka ishirini na miwili katika mvuke wa kiwanda ili mtoto asome, anaweza kwenda kufundisha mbwa na bado watu wakasema ana akili timamu?

Najua swali lenyewe linachekesha. Mchana hata mimi nililicheka. Lakini mimi ni mtu wa kuwaza, rafiki yangu, na kuwaza kwangu hakuna breki. Nikipata barua naisoma mara nne kutafuta kama kuna tusi lililojificha kwenye mkato. Sokoni naweza kusimama kati ya mafungu mawili ya nyanya mpaka muuzaji aniulize kama nimemwona marehemu ndani yake. Sasa mtu wa namna hiyo anapewa njia mbili na kuambiwa achague kabla ya Jumatatu.

Njia ya kwanza ilikuwa na barua yenye muhuri. Kampuni ya serikali ya migodi, ile ile iliyomlea baba na karibu kila mtu wa Likasi, ilinipa nafasi katika ofisi ya wafanyakazi: meza, kiti, feni, na chumba katika nyumba ya waajiriwa vijana, ambako mbwa haruhusiwi kulala hata uani. Njia ya pili haikuwa na karatasi. Mkuu wa mbwa walinzi wa kiwanda, sajini mstaafu mwenye sauti ya kokoto, alikuwa ameniona sokoni na mbwa wangu jike. Nilikuwa nimemwambia akae karibu na meza ya mwuza nyama, bila kamba, nami nikaenda kununua chumvi. Niliporudi, mbwa alikuwa amekaa palepale, na sajini amesimama mbele yake kama anayesoma tangazo.

"Njo weye ulimufundisha?" aliniuliza.

"Ndiyo, chef," nilijibu, maana kwetu kila mkubwa wa kazi ni chef.

"Bantu yangu wako na fimbo, na imbwa haziwasikie. Kuja Jumatatu. Kama hauje, nitatwaa mwengine."

Mbwa yule jike ndiye aliyefanya swali liwe zito. Alikuwa wa mwisho wa ukoo wake katika mji mzima, ukoo wa mbwa wasiobweka, na umri wake ulikuwa umefika miaka minane. Mbwa wa namna yake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili kama mbwa wengine. Nikichukua chumba cha ofisi, atabaki kwa baba, azeeke peke yake, na ukoo uishe. Nikienda kwa sajini, nitaishi na mbwa, na labda, labda tu, kutakuwa na watoto.

Baba alisema neno lake mara moja, akiwa anafunga redio: "Minye nilikusomesha juu ukuwe chef wa bantu. Sasa unataka kuwa chef wa imbwa?"

Ijumaa, nikiwa nimechoka kuwaza ndani ya nyumba, nilitoka kwenda kuwaza nje. Miguu ikanipeleka Shituru, kwenye mtaa wetu wa zamani.

Kama hukuwahi kuishi katika kambi ya wafanyakazi, nikueleze kidogo. Nyumba zote zilikuwa za matofali, zinafanana kama mikate ya tanuri moja, mbili mbili zikigawana ukuta. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na kiwanja kidogo: mistari ya sombe, yaani kisamvu, mihindi michache, mpapai, na jiko la nje lenye mbabula inayotoa cheche za makaa. Asubuhi hewa ilikuwa na harufu ya asidi kutoka kiwandani, iliyokuna koo kidogo. Mchana ilikuwa harufu ya samaki wakavu. Mabehewa yaligongana kwenye reli siku nzima. Na mara tatu kwa siku king'ora cha kiwanda kililia kubadilisha zamu, sauti ndefu iliyopanda mpaka meno yakawasha. Hakuna aliyehitaji saa. Nyanya yangu, ambaye tulimwita kambo kama watu wa kwetu wanavyosema, alibandika maji ya bukari, ugali wetu, kwa kufuata king'ora, na hata sala yake ya mchana ilianza kilipomaliza.

Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi mzee mmoja aliyetoka Uele, kaskazini kabisa, safari ya siku nyingi za mashua na garimoshi. Alikuwa mlinzi wa lango kiwandani, lakini kwao alikuwa mwindaji, mtoto wa mwindaji. Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kilingala, nasi watoto tulimwiga nyuma ya mgongo wake. Mwaka niliotimiza miaka tisa alikwenda likizo kwao, akarudi na kikapu. Ndani ya kikapu palikuwa na mbwa wawili wadogo, dume na jike.

Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Walikuwa wekundu kama shaba iliyotoka kusuguliwa, miguu myeupe kama waliovaa soksi za komunyo ya kwanza, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo kama mpini wa kikombe. Walijilamba kama paka. Mvua ikinyunya walikimbilia ndani kabla ya kuku. Na hawakubweka. Siku ya kwanza watu walisema wana woga wa ugeni. Baada ya mwezi walisema mzee amewakata ndimi. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba kila alipopita langoni kwake. Mtaani wakaitwa "imbwa bubu," na mzee akaacha kueleza.

Mimi niliwapenda kwa sababu ya paji la uso. Mbwa hawa wana mikunjo juu ya macho. Wakisimamisha masikio, mikunjo inajipanga kama ya mtu anayefikiria jambo zito. Ulikuwa uso wangu. Kambo alikuwa na desturi ya kunipitishia kidole katikati ya nyusi akisema, "Kunjua hapa, mutoto. Utazeeka mbele yangu." Na sasa, hatimaye, palikuwa na kiumbe mwingine Shituru ambaye hakuweza kukunjua.

Jike alipozaa mwaka uliofuata, mzee alinipa mtoto mmoja, jike pia. Nilimpeleka nyumbani ndani ya gauni langu. Kambo hakuwa na shida na mbwa. Shida yake ilikuwa kuku. Alikuwa nao tisa, wakawa wanane, wakawa saba, na hakuna aliyeona mwizi wala manyoya. Alimwangalia mbwa wangu, akamgeuza, akamwangalia tena.

"Imbwa ni ya kubweka," alisema. "Kama haibweke, ni mutoto mwengine wa kulisha. Nakupa mpaka mvua ya kwanza. Kama haijabweka, inaenda kwa bawindaji ku Kambove."

Hata hivyo alimpa jina. Kwetu jina la mbwa ni barua kwa majirani, na kambo alikuwa na barua ya kumwandikia mke wa mkatekista, aliyesema kwamba nyumba yetu imeingiza uchawi. Kwa hiyo akamwita Acha-Baseme, waache waseme. Aliliita jina hilo kwa sauti kubwa asubuhi na jioni, akiwa ameelekea upande wa mkatekista. Sisi tulifupisha, tukamwita Baseme.

Mvua ya kwanza kwetu huja mwezi wa kumi. Tulikuwa mwezi wa sita, baridi ya vumbi, midomo ikipasuka. Nilikuwa na miezi minne ya kumfundisha mbwa kubweka.

Nilianza kwa kumpeleka shule. Mkatekista alikuwa na mbwa mkubwa wa manjano, mwenye kelele kuliko wote kambini. Zamani mbwa huyo aliitwa Chef, mpaka vijana wa chama tawala walipokuja kuuliza kwa upole ni chef gani hasa. Tangu siku ile akaitwa Simba. Nilimfunga Baseme karibu na Simba kila siku baada ya masomo. Simba alibweka. Baseme alimsikiliza, akalamba mguu wa kulia, akalamba wa kushoto, akalala.

Basi nikabweka mwenyewe. Nilipiga magoti uani, mikono chini, nikabweka mpaka koo likauma. Jirani wa mbele alisimama na ndoo kichwani.

"Kambo! Mutoto yako amekuwa imbwa. Unamulisha nini?"

"Bukari sawa ya jana," kambo alijibu bila kugeuka. "Ila leo anakulia chini."

Baseme aliniangalia kwa huruma, mikunjo yake yote imesimama. Halafu akainua kichwa, akatoa sauti yake ya pekee, sauti kati ya kicheko cha mtoto na jogoo anayejifunza kuwika. Jirani aliweka ndoo chini ili acheke vizuri. Mimi nililia. Mwezi ulikuwa umekwisha na mwanafunzi wangu alikuwa amejifunza kunihurumia.

Mzee wa Uele alikuwa ameona yote kupitia ua wa miti. Siku ile aliniita.

"Mutoto, unamufundisha nini?"

"Kubweka, baba."

"Weye unajuaka kuruka sawa ndege?"

"Hapana."

"Na minye nikikupiga, utaruka?"

Akaingia ndani, akatoka na kengele ya mti, imechongwa kama kibuyu kidogo, ndani mna vigongeo viwili vya mfupa. Kwao, alieleza, mbwa huyu huvaa kengele shingoni kwa sababu hana sauti. Wakiwa njiani mwindaji huijaza majani ili inyamaze. Wakifika pa mnyama anayatoa, na kengele ndiyo inayosema mbwa yuko wapi na anafanya nini. Mwindaji hasubiri mbwa aongee. Anasikiliza mbwa anavyotembea.

"Angalia kile yeye anajuaka," alisema. "Njo umufundishe kile."

Tangu siku ile nilikuwa mwanafunzi wake, na Baseme mwanafunzi wangu. Mzee alirudi kutoka zamu, akavua koti la kazi, akakaa kwenye kigoda na kikombe cha munkoyo, nasi tukaanza. Nilijifunza kuvunja samaki mkavu vipande vidogo kama punje za mchele. Nilijifunza kutopaza sauti. Nilijifunza kuacha somo mbwa akiwa bado anataka, jambo lililonishinda muda mrefu, kwa kuwa nilitaka kurudia kila kitu mara ishirini ili niwe na hakika. "Ukimwita mara tatu," mzee alinikemea, "umemufundisha kama mara ya kwanza na ya pili hazina kazi." Aliniagiza kuita mara moja, halafu kungoja. Ulikuwa mtihani mkubwa kuliko wa hesabu. Nilingoja huku nikiwaza labda hakunisikia, labda amenichukia, labda samaki ameoza. Na katikati ya mawazo hayo kengele ililia, na Baseme alikuwa mbele ya miguu yangu.

Kufikia mwezi wa nane alijua kuja, kukaa, kungoja, na kazi moja niliyoipenda kuliko zote: nikitaja jina la kambo, alikwenda kumtafuta popote alipo na kuvuta pindo la kitenge chake. Lakini hakubweka. Na kuku wakawa watano.

Kambo aliangalia mawingu tu.

Hapo ndipo kuwaza kwangu kulipofanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Nilijiuliza kitu ambacho watu wazima hawakujiuliza: kwa nini Simba, mwenye mdomo kama tarumbeta, hajamkamata mwizi hata mara moja? Nilianza kukaa uani mchana, kitabu mapajani, nikiangalia mbwa badala ya kuangalia kuku. Siku ya nne nikaona. King'ora cha saa nane kilipolia, mbwa wote wa kambi waliinua vichwa na kulia pamoja nacho. Simba alianza, wa barabara ya pili wakapokea, na kwa muda wote huo mtu angeweza kupitisha ng'ombe uani wala asisikike. Watu wa kambi walikuwa wameweka mbwa wa kubweka, na kila siku kwa saa ileile mbwa wote walikuwa na shughuli nyingine. Mbwa mmoja tu hakuinua kichwa. Baseme alikuwa amesimama, masikio yake hayakuelekea kiwandani. Yalielekea kibanda cha kuku.

Nilikimbia kwa mzee nikiwa nahema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Sasa uko na kazi ya kumupa."

Kwa wiki mbili nilikuwa mwizi. Nilivaa buti za zamani za baba na kofia yake ya kiwanda, nikanyata hadi kibanda cha kuku na kugusa komeo. Kila nilipoligusa nilitaja jina la kambo. Baadaye niligusa bila kutaja. Baseme alielewa kabla yangu: komeo likiguswa na mtu asiye kambo, kambo lazima avutwe kitenge. Kambo alivutwa akiosha sombe, akavutwa akisuka nywele, akavutwa akisali. "Nitaipika hii imbwa," alisema, na sikuwa na hakika kama anatania.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, mawingu yamekaa chini, harufu ya mvua iko mbali kidogo. Kama ingenyesha jioni, Baseme angekwenda Kambove. Kambo alikuwa anasonga bukari. King'ora kikaanza, Simba akapokea. Nami nikaona kengele ya mti inapita mbio mbele ya mlango wa jiko, nikaona meno ya Baseme kwenye pindo la kitenge, na kitenge kikashuka nusu. Kambo alikishika kwa mkono mmoja, mwiko wa bukari ukiwa kwenye mkono mwingine, akatoka akimlaani mbwa, mzee wa Uele na mimi, kwa mfuatano huo.

Kwenye kona ya ua alisimama jirani wa nyumba ya tatu, kofia ya kazi kichwani, njiani kwenda zamu. Mtu ambaye tulimwona kila siku akipita saa hiyo, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Begani alikuwa na mfuko wa mposho, ule wa unga ambao kampuni iliwapa wafanyakazi. King'ora kikanyamaza.

"Weye," kambo alisema. "Ni nini inatembea mu saki yako?"

"Mposho, kambo."

"Mposho inaliaka?"

Mfuko ukalia.

"Niliikuta mu njia, kambo. Njo nilikuwa nairudisha kwako."

"Unairudisha wapi? Nyumba yangu iko nyuma yako!"

Mwiko ulitua kwenye kofia, na bukari ya moto ikashuka polepole kwenye sikio. Watu walitoka kila nyumba. Hakuna aliyeita polisi. Miaka ile mtu hakuita polisi kwa jambo ambalo angeweza kulimaliza mwenyewe. Jirani alirudisha kuku huyo, akaleta wengine wawili, na kwa Jumamosi nne, baada ya salongo, kazi ya lazima ya kufagia barabara, alifagia na ua wetu pia. Mama wa ndoo alikuja kila mara kumwonyesha palipobaki uchafu.

Jioni ile kambo alimega bonge la bukari, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akamwekea Baseme kabla ya kutuhudumia sisi.

"Haijabweka," alisema.

"Hapana, kambo."

"Basi ikae vile."

Mvua ilinyesha siku tatu baadaye. Baseme aliikimbia, akalala chini ya kitanda cha kambo, na hakuna aliyemtoa.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoitamani nikisema neno nyumbani. Nilifundisha kila uzao wa Baseme na wa mama yake. Watu walikuja kutoka Kambove na hata zaidi kuomba mtoto mmoja. Nilifahamu sauti ya kengele ikiwa mbwa anakimbia kwa furaha na ikiwa anakimbia kwa hofu. Darasani, mwalimu wetu alipotuuliza tutakuwa nani, nilisimama bila kuwaza, jambo la ajabu kwangu, nikasema, "Mufundisha imbwa, citoyen mwalimu," kwa kuwa enzi zile kila mtu aliitwa citoyen, raia. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu, aliyenipenda, alitaka kuniokoa: akaandika "mwalimu" kwenye daftari lake, akaacha mbwa. Nilimshukuru. Nafikiri siku ile ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Halafu vitu vikaondoka, kimoja kimoja, bila kelele. Mzee alistaafu akarudi Uele na dume lake. Aliniaga kwa kunipa mkono kama mtu mzima. Mama yake Baseme aliuawa mwaka wa kichaa cha mbwa, walipopita watu wenye bunduki wakipiga kila mbwa aliye barabarani. Kambo alifariki nikiwa sekondari, na kuku wake tuliwala kwenye matanga yake. Baseme mwenyewe alikufa mzee, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Baba aliniandikia mistari miwili tu, na wa pili ulisema amemzika penye kivuli. Alibaki mjukuu wake, huyu jike wangu wa sasa. Watoto wengine walichanganyika na mbwa wa mjini. Unaona mguu mweupe hapa, mkunjo wa uso pale, lakini mkia umenyooka na mdomo umefunguka. Wanabweka kama wote.

Ijumaa hiyo nilisimama mbele ya nyumba yetu ya zamani. Ua wa miti umekatwa. Mahali pa sombe pamelala vyuma vya baiskeli. Mama anayeishi pale sasa alitoka, mikono ina unga.

"Mama, unatafuta nani?"

"Hakuna muntu, mama. Nilikulia hapa."

"Ah. Unaangalia sawa muntu wa kuhesabu nyumba. Ingia basi, ama hesabu upesi, jua ni kali."

Niliingia. Alinipa maji. Nilikaa kwenye kile kipande cha ua ambacho niliwahi kubweka mpaka koo likauma, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nikaliangalia jambo langu kama mzee alivyonifundisha kuangalia mbwa: si kile anachotakiwa kufanya, bali kile anachokifanya. Nilijiangalia. Ni nani anayesoma barua mara nne? Ni yule yule anayeona sikio la mbwa limegeuka upande usio wake. Tabia hiyo hiyo ofisini ingekuwa ugonjwa wangu. Mbele ya mbwa ilikuwa kazi yangu. Wala sikuwa nimelitafuta hilo chuoni. Nilikuwa nimelipata kwa mbwa mmoja mwenye miguu myeupe, nikakubali mtu alifute kwenye daftari kwa nia njema.

Nilimshukuru yule mama na kuondoka nikitembea haraka, kwa sababu najifahamu. Nikikaa sana nitapata hoja ya kupinga.

Jumamosi nilipanda taxi-bus kwenda Kambove. Nilisikia kwamba kwa mwindaji mmoja mzee kumebaki dume wa ukoo wa Uele. Nilimkuta. Mkia kama mpini wa kikombe, paji la uso limejaa mawazo. Mwindaji alikubali kuniazima dume baridi ikianza, wakati jike wangu anapopata joto lake la mwaka, kwa sharti la kupata mtoto wa kwanza. Tulipeana mikono.

Jumapili nilimwambia baba, tukiwa mezani. Sikujitetea, nilikuwa nimeandaa hoja kumi na moja na zote nikaziacha. Nilisema tu, "Baba, kesho naenda kwa imbwa." Alimaliza kwanza tonge lake.

"Watakupa buti?"

"Watanipa."

"Buti ya kampuni inabana ku vidole. Vaa soksi mbili."

Akasukuma sahani ya samaki upande wangu.

Jumatatu asubuhi nilipita kwanza ofisi ya wafanyakazi. Sikuandika barua, maana ningeandika rasimu kumi na kukosa siku. Nilimwekea karani barua yao mezani.

"Citoyenne," alisema, "bantu wanalia juu ya hii kazi."

"Najua. Mupe mumoja wao."

Kwa sajini mbwa walikuwa kumi na wawili, wakubwa, weusi mgongoni, kila mmoja katika kizimba cha wavu. Wote walibweka kwa pamoja. Wafanyakazi wake walisimama na fimbo zao wakingoja kuona msomi atakimbilia upande gani. Mmoja alisema, si kwa kunong'ona, "Huyu atawasomea kitabu." Nilimwambia sajini mambo mawili: jike wangu na dume wa Kambove watakuwa na kizimba chao nyuma, na fimbo zitakaa ghalani. Alikuna kidevu. La kwanza alilikubali palepale. La pili alisema tutaona.

Akanipeleka kwenye kizimba cha mwisho. "Huyu ameuma batatu," alisema. "Hakuna mwenye anaingia. Chakula tunamurushia."

"Nitaanza na yeye."

"Leo?"

Nilisimama kando ya wavu asubuhi nzima nikimwangalia: anapogeuka, anapopumua, anaponyamaza, ni mguu upi anaouegemea, ni mtu gani akipita anarudi nyuma. Alikuwa na hofu upande wa kushoto, ambako jicho lake lilikuwa na ukungu, na watu wote walimjia kwa kushoto kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na komeo. Jua lilipofika juu ya bati, wale wenye fimbo walikuwa wamechoka kungoja, wameenda kula. Nilivua saa nikaitia mfukoni ili isigonge wavu. Nilimwita mara moja, kwa sauti ya chini, ili ajue niko wapi. Kisha nikafungua komeo, nikaingia nikielekea polepole upande wake wa kulia, nikanyoosha mkono nyuma, nikafunga mlango.